Faini ya kamera: ulipe, upinge, umtaje dereva au uende mahakamani?

Barua ya kamera ikifika, wengi hukimbilia kujiuliza kama kweli walikuwa wanakwenda kasi. Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. Anza na haya mawili: barua inamtaka nani, mwenye gari au aliyeshika usukani? Na siku zimeanza kuhesabiwa lini? Majibu yake ndiyo yanayoamua njia zipi bado ziko wazi. Katika nchi nyingi kulipa ni kukubali kosa, na ushahidi mzuri ukiupata wiki inayofuata hauna tena pa kuupeleka.

Njia zenyewe ni tano:

| Njia | Inafaa lini | Hatari yake |
|---|---|---|
| Kulipa mapema | Picha iko wazi, ulikuwa wewe, na kuna punguzo | Haki ya kupinga inaisha. Pointi, yaani alama za makosa, zikiwapo zinaingia kwenye leseni |
| Kupinga kwa maandishi | Una kasoro inayoonekana kwenye picha au karatasi | Punguzo linapotea. Kwingine faini inapanda ukishindwa |
| Kumtaja dereva | Gari ni lako, usukani ulikuwa kwa mwingine | Kutaja jina la uongo ni jinai |
| Mahakamani | Leseni iko hatarini, au kipimo chenyewe kina shaka | Gharama za kesi na adhabu kubwa kuliko ya mwanzo |
| Kunyamaza | Karibu kamwe | Faini inakua, na kunyamaza kwenyewe kunaweza kuwa kosa la pili |

Barua inamtaka nani

Kuna nchi zinazomwadhibu dereva na nchi zinazomwadhibu mwenye gari, na hoja inayookoa upande mmoja haina thamani upande wa pili.

Uswidi na Ujerumani ziko upande wa dereva, ndiyo maana kamera zao hupiga picha ya mbele inayoonyesha uso. Ujerumani, uso ukifunikwa na mwako wa jua kwenye kioo, au na kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, kesi inaweza kuishia hapo. Mamlaka ina miezi 3 tangu siku ya kosa la kawaida kumfikia mhusika, na muda huo huanza upya akitumiwa barua ya kuhojiwa. Lakini usishangilie mapema: dereva asipopatikana, mwenye gari anaweza kuamriwa kuandika daftari la kila safari ya gari hilo kwa miezi kadhaa. Kwa mwenye gari la biashara, daftari hilo linachosha kuliko faini.

Uholanzi iko upande wa mwenye gari. Kwa makosa ya kawaida ya mwendo, faini huandikwa kwa jina la mwenye namba za usajili, na uso hauulizwi. Kusema “sikuwa mimi” hakubadilishi kitu, isipokuwa gari lilikuwa limeibwa, limeshauzwa, au limekodishwa kwa mkataba unaoweza kuuonyesha.

Uingereza imesimama katikati, na hapo ndipo watu hujichoma wenyewe. Mmiliki aliyesajiliwa anatakiwa kufikiwa na notisi ndani ya siku 14 tangu kosa, kisha ana siku 28 za kumtaja aliyekuwa anaendesha. Kosa lenyewe la mwendo likimalizwa bila kesi ni pauni 100 na pointi 3. Kutomtaja dereva ni pointi 6 na faini inayoweza kufika pauni 1,000. Kwa dereva mpya, aliye ndani ya miaka 2 ya kwanza, pointi 6 zinatosha kumpokonya leseni. Kwa hiyo anayenyamaza ili kukwepa pointi 3 anajinunulia mara mbili yake.

Hizo siku 14 nazo zinaeleweka vibaya. Zinahusu barua ya kwanza tu, ile inayokwenda kwa mmiliki aliye kwenye daftari la usajili. Kama gari ni la kampuni au la kukodi kwa muda mrefu, barua ya kwanza ilienda kwa kampuni. Yako ikifika siku ya 30 bado ni halali. Na kama ulihama bila kubadilisha anwani kwenye usajili, kuchelewa kwa barua ni juu yako.

Punguzo: fanya hesabu kabla ya hasira

Mamlaka nyingi hutoa punguzo kwa anayelipa haraka, na punguzo hilo ndilo bei ya haki yako ya kupinga. Hispania iko wazi zaidi kuliko wote: ukilipa ndani ya siku 20 unakatiwa nusu, na papo hapo umeachana na haki ya kujitetea. Ufaransa, faini ya euro 135 hushuka hadi 90 kwa anayewahi, na hupanda hadi 375 kwa anayepitisha muda. Tena huko, anayepinga faini ya kamera kwa kusema hakuwa yeye huweka kwanza dhamana ya kiasi cha faini, na hurudishiwa akishinda.

Hesabu ni rahisi. Ichukulie faini nzima kuwa 100. Punguzo likiwa nusu, kulipa sasa ni 50. Ukipinga, unalipa sifuri au 100. Kupinga kuna faida ya fedha pale tu unapoamini una zaidi ya nafasi 50 katika 100 za kushinda. Punguzo likiwa asilimia 30, inatosha kuzidi nafasi 30 katika 100. Kusipokuwa na punguzo wala gharama za rufaa, kupinga kwa hoja ya kweli hakukugharimu zaidi ya muda.

Hesabu hubadilika pale ambapo kushindwa kunaongeza faini. Italia ina milango miwili: rufaa kwa mkuu wa utawala wa mkoa ndani ya siku 60, bila ada, au kwa hakimu wa ngazi ya chini ndani ya siku 30, kwa ada. Mlango wa bure unavutia, ila ukishindwa pale unaagizwa kulipa kiasi kisichopungua mara mbili ya kima cha chini. Anayelipa ndani ya siku 5 hutoa 70 badala ya 100. Kwa hiyo unapima 70 ya leo dhidi ya 200 ya kushindwa, na unahitaji karibu nafasi 65 katika 100 ili kupinga kuwe na maana. Wenye hoja ya kiufundi hufanya vizuri zaidi kwa hakimu, ada na yote. Mlango wa bure waachiwe wenye kasoro isiyohitaji mjadala: namba za gari si zao, au gari lilishauzwa.

Kamera ipi imekupiga

Hapa ndipo penye uzito, maana kila aina ya kamera ina namna yake ya kukosea. Hoja ya leza haisaidii kwa rada, na barua nyingi za utetezi hutupwa kwa sababu mwandishi hakuisoma aina ya mashine.

*Rada iliyosimikwa pembeni.* Nyingi za mtindo wa zamani hupiga picha mbili zinazopishana nusu sekunde, na kwenye lami kuna mistari myeupe yenye umbali unaojulikana. Unaweza kukagua mwenyewe. Tuseme mistari imeachana mita 2 na barua inasema kilomita 72 kwa saa. Hiyo ni mita 20 kila sekunde, yaani mita 10 kwa nusu sekunde: nafasi 5 za mistari. Chukua gurudumu moja, mahali linapogusa lami, uhesabu limevuka nafasi ngapi kati ya picha ya kwanza na ya pili. Zikiwa 4, gari limekwenda mita 8, sawa na kilomita 57.6 kwa saa, na hapo una hoja ya kukaa nayo mezani. Usipime kwa paa wala taa. Vilivyo juu ya lami hudanganya jicho kwa sababu ya pembe ya kamera.

Kasoro ya pili ya rada ni pembe. Mashine imeelekezwa kwa mshazari na hesabu yake inafidia mshazari huo. Kama imefungwa kwa nyuzi 15 badala ya 20, kipimo hupanda kwa karibu asilimia 3: kilomita 50 zinasomeka 51 na nusu. Ni kosa la kweli, lakini halimwokoi aliyezidisha kwa 15. Linamfaa aliye kwenye mpaka, pale kilomita moja inapomtoa daraja moja la adhabu hadi jingine. Angalia pia kama kuna gari la pili ndani ya picha upande uleule wa barabara. Rada haijui namba za gari. Kinachounganisha kipimo na gari ni mpangilio wa picha tu.

*Leza, ile tochi ya mkononi au ya kwenye gari la doria.* Inampiga mmoja mmoja, hivyo kuchanganya magari ni nadra kwa umbali mfupi. Mwale wake hutanuka kadiri unavyokwenda, kwa kawaida kama mita 1 kwenye umbali wa mita 300. Ukipigwa kwa mita 600 mwale una upana wa gari zima, na jirani yako wa kushoto anaweza kuwa ndani yake. Tafuta umbali kwenye picha au video; mashine nyingi huuandika pembeni. Angalia pia alama ya shabaha imekaa wapi. Inatakiwa itulie kwenye bati la namba au sehemu moja ya mbele ya gari. Ikiteleza kutoka kioo cha mbele kwenda boneti, mashine huhesabu kuteleza huko kama mwendo.

*Mwendo wa wastani.* Kamera mbili zinasoma namba za gari, umbali unagawanywa kwa muda. Kwenye kipande cha kilomita 3, anayetumia sekunde 150 amekwenda kilomita 72 kwa saa. Saa ikikosea sekunde nzima, jibu linabadilika kwa nusu kilomita tu, kwa hiyo hoja ya saa haina nguvu. Kwenye kipande cha mita 300 mambo ni tofauti: sekunde 15 ni kilomita 72 kwa saa, sekunde 16 ni 67 na nusu. Kosa kubwa la mfumo huu ni kusoma namba vibaya, 8 na B, 0 na O, au namba zako kubandikwa kwenye gari la mtu mwingine. Linganisha vitu vidogo: ringi za magurudumu, stika ya bima, kulabu ya kuvutia tela, mbonyeo kwenye bampa, nembo ya modeli. Piga picha ya gari lako kutoka pembe ileile ya kamera uziweke pamoja. Hoja hii ikiwa ya kweli inashinda kuliko zote, na ifuatwe na taarifa polisi, maana mwenye namba bandia hataishia kosa moja.

*Taa nyekundu.* Picha ya kwanza inatakiwa ionyeshe gari kabla ya mstari wa kusimama huku taa ikiwa nyekundu, ya pili ndani ya makutano. Ukikuta magurudumu ya mbele yameshavuka mstari kwenye picha ya kwanza, uliza sekunde za wekundu zilizoandikwa, yaani taa ilikuwa nyekundu kwa muda gani ulipovuka. Ujerumani zina maana kubwa: chini ya sekunde 1 ni euro 90 na pointi 1; ikizidi ni euro 200, pointi 2 na mwezi mmoja bila leseni. Huko pia, aliyevuka mstari akasimama kabla ya makutano ana kosa dogo zaidi, na picha ya pili ndiyo shahidi wake.

Njano nayo ina hesabu. Kwenye barabara ya kilomita 50 kwa saa unakwenda karibu mita 14 kila sekunde, na njano ya sekunde 3 inakupa mita 42. Ukisema taa iligeuka njano ukiwa mita 20 kutoka mstarini, ulipaswa kuvuka ikiwa bado njano. Hakimu anayejua kazi yake ataifanya hesabu hiyo haraka, kwa hiyo ifanye wewe kwanza.

Kwa kamera zote za mwendo, soma barua uone kama kiasi cha tahadhari ya kipimo, yaani kilomita zinazokatwa kufidia makosa ya mashine, kimeshatolewa. Ujerumani huondoa kilomita 3 kwa mwendo wa hadi 100 na asilimia 3 juu ya hapo; kamera zilizosimikwa Ufaransa huondoa 5, na asilimia 5 juu ya 100. Mara nyingi barua ina tarakimu mbili, iliyopimwa na inayohesabiwa. Kuomba ipunguzwe tena kile kilichokwisha punguzwa ni kujitangaza kwamba hukusoma.

Cha kuomba, na hoja za kuacha

Omba kwa maandishi, kwa njia inayoacha uthibitisho wa kupokelewa: picha zote bila kukatwa pembe, aina na namba ya mashine, cheti cha uhakiki wake kilichokuwa hai siku ya kosa, kumbukumbu za majaribio ya siku hiyo kama mashine ni ya kubebwa, na idhini ya kikomo cha mwendo cha mahali pale. Kuomba vitu hivi hakusimamishi siku. Zikibaki chache na majibu hayajaja, peleka pingamizi lako ukieleza kwamba utaongeza hoja ukipata nyaraka.

Alama za barabarani zipige picha mapema, ndani ya siku chache, kutoka usawa wa macho ya dereva na kutoka upande uliokuwa unatokea. Tawi lililoziba kibao hukatwa, na ujenzi wa muda huondoka na vibao vyake. Picha ya mwezi mmoja baadaye haithibitishi chochote.

Hoja ya spidomita iache nyumbani. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, hairuhusu spidomita kuonyesha chini ya mwendo halisi. Inaruhusu kuzidisha, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo spidomita ikisema 50 na kamera ikasema 58, ama hukuitazama wakati ule, ama umefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, na hilo la pili linakuongezea kosa. Haraka, kutoiona kamera, na “wote tulikuwa tunakwenda hivyo” nazo hazibadilishi uamuzi. Dharura ya ugonjwa hubadilisha, ikiwa ina karatasi ya hospitali yenye saa inayolingana na picha.

Kumtaja dereva

Njia hii ni safi kama ni kweli. Andika jina kamili, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya leseni kama fomu inavyotaka. Jina pekee hurudishwa, na siku zinaendelea kuliwa. Gari lililouzwa linahitaji mkataba wenye tarehe na saa, kwa sababu kosa la jioni ya siku ya mauzo huleta ubishi mrefu. Gari la kukodi lina mtego mwingine: kampuni hukata ada ya kutoa jina lako kwa mamlaka, na wengi hudhani hiyo ndiyo faini. Siyo. Faini inakuja kivyake.

Kumpa ndugu pointi zako ni jambo jingine kabisa. Chris Huhne, aliyekuwa waziri Uingereza, na aliyekuwa mkewe Vicky Pryce, walifungwa miezi 8 kila mmoja mwaka 2013 kwa kosa la mwendo la 2003 ambalo mke alikuwa amelibeba. Kosa la mwanzo lilikuwa la pointi chache tu.

Kozi au pointi

Ukipewa kozi ya usalama barabarani badala ya pointi, ichukue, isipokuwa kama una hoja halisi ya kupinga. Uingereza, kwenye barabara ya maili 30 kwa saa, kozi hutolewa kwa waliopimwa kati ya 35 na 42, mara moja ndani ya miaka 3. Gharama inakaribiana na faini, lakini leseni inabaki safi, na pointi 12 ndani ya miaka 3 huko kwa kawaida ni kufungiwa kuendesha. Anayeikubali kozi kisha asihudhurie hurudishwa mwanzo wa kesi.

Mahakamani

Mahakama inafaa katika hali mbili. Ya kwanza ni pale leseni ndiyo ugali wako na pointi zinakaribia ukomo: hapo gharama ya wakili inapimwa na mshahara, wala si na faini. Ya pili ni pale kasoro inapogusa mashine yenyewe. Italia, Aprili 2024, Mahakama ya Juu ilikubaliana na dereva aliyepigwa na kamera iliyopata kibali lakini haikuwa imethibitishwa rasmi kwa utaratibu kamili wa kisheria. Ikasema hatua hizo mbili si kitu kimoja. Tangu hapo nyaraka za mashine zimekuwa kitu cha kwanza kuombwa kule.

Nje ya hali hizo, pima vizuri. Uingereza, faini ya mahakama hukokotolewa kwa kipato cha wiki na inaweza kufika pauni 1,000, au 2,500 kwa barabara kuu za mwendo kasi, na gharama za upande wa mashtaka juu yake. Anayekwenda kwa sababu ya kuudhika tu hutoka akiwa amelipa zaidi.

Kunyamaza, na ujumbe wa matapeli

Uholanzi, faini isiyolipwa huongezwa kikumbusho cha kwanza kinapotumwa, kisha huongezwa tena kwa cha pili. Ndani ya Umoja wa Ulaya faini hukufuata hata ukirudi nchi yako, mradi ifike euro 70.

Kisichostahili kujibiwa ni ujumbe wa simu wenye kiungo na vitisho vya kulipa leo leo. Barua ya kweli hutaja namba za gari, mahali, saa na namba ya kumbukumbu. Usibonyeze kiungo, fungua mwenyewe tovuti ya mamlaka na uingize namba hiyo. Ukiamua kulipa, iandike namba ya kumbukumbu kama ilivyo, tarakimu kwa tarakimu: fedha iliyoingia bila namba sahihi hukaa kwenye akaunti ya mamlaka huku faini ikiendelea kuhesabiwa kuwa haijalipwa, na risiti ya benki ndiyo pekee itakayokutoa hapo.